Mota yangu iliungua mara mbili, nikasingizia radi

Mashine yangu ya kusaga na kukoboa iko Rungwe, upande wa juu wa Kiwira, na mwenye kujua huku anajua mvua yake. Ikianza Novemba inakwenda mpaka Mei, na radi ndiyo usiseme, kuna jioni unahesabu mpaka unachoka. Nilifungua mwaka 2021 kwa hela ya viazi misimu miwili na mkopo wa vikoba. Mota nilinunua yuzdi, hospawa 20, umeme wa njia tatu (waya tatu za umeme zinazosukuma mota kwa pamoja), fundi wa pale kijijini akafunga kila kitu kwa siku mbili, akabonyeza stati, ikanguruma vizuri, nikamlipa na soda juu. Sikuuliza hata swali moja, na huo ujinga ndio ulinigharimu kuliko mvua yote ya Rungwe.

Desemba mwaka ule ule, jioni, foleni ya akina mama na ndoo zao mpaka nje, mawingu yakaja kutoka upande wa mlima. Ikapiga moja kubwa, taa zikakonyeza mara mbili, zikarudi. Mashine ikazima yenyewe na kijana wangu akaiwasha tena, ikaenda. Nikasema ashukuriwe Mungu tumepona. Kama dakika 20 mbele hivi mlio ukabadilika. Yaani nataka nieleze vizuri huu mlio maana nilikuja kuujua kama sauti ya mtoto wangu: mashine inakuwa kama imekaza meno, mvumo mzito wa chini chini, na mkanda unalegea kidogo kwenye puli. Mimi nikafikiri mahindi yamelowa. Kijana akaniambia mama inakoroma, nikamwambia punguza mahindi tu, tumalize foleni. Tukaendelea kama robo saa. Kisha ikaja ile harufu, kama plastiki na sukari vimeungua pamoja, na moshi mweupe ukatoka kwenye matundu ya mota.

Kijiji kizima kikasema radi. Fundi naye alikuja akanusa akasema "radi hiyo mama, radi haina kinga." Shemeji yangu akasema hiyo radi siyo ya Mungu, imetumwa, kwani wenye mashine nyingine kule chini wanafurahi mimi nikifungua? Nitasema ukweli maana nimeamua kuandika ukweli: nilitoa elfu 50 mtu akaja kuzindika mashine. Akazunguka banda na vitu vyake, akachimbia kitu pembeni ya mlango, akaniambia hapa haiji tena. Msinicheke, mtu mwenye mkopo wa vikoba anashika chochote kinachoelea.

Mota nikaipeleka kwa fundi wa kusuka, yaani wa kufunga upya waya za shaba za ndani, wa karibu, laki 3 na nusu, siku 9. Siku 9 bila kusaga wakati wa Krismasi! Akakata koili zote akatupa, akasuka upya, akanirudishia ikiwa imepakwa rangi nzuri. Tukafunga kwenye stata ile ile, lile boksi la kuwashia mota, kwa vipimo vile vile.

Machi 2022 ikaungua tena. Siku ile hata mvua haikuwa kwetu, radi tulikuwa tunaisikia mbali mbali huko, na mlio ulikuwa ule ule.

Safari hii nikaipakia kwenye Noah mpaka Mbeya, Mwanjelwa, kwa mzee mmoja ambaye niliambiwa ana gharama ila anajua. Na ana gharama kweli, laki 5 na ishirini. Lakini kitu cha kwanza alichofanya hakikuwa kukata. Alifungua vifuniko viwili vya pembeni, akatoa rota, ile sehemu inayozunguka, akachukua tochi ya simu akaniita. "Njoo uone mama, usikae huko kwenye benchi."

Nikainama. Ndani ya mota koili zimejipanga duara kama mkeka wa shaba. Nilitegemea kuona makaa matupu. Kumbe haikuwa hivyo. Kulikuwa na fungu limeungua jeusi tii, linabanduka ukigusa, halafu pembeni yake mafungu mawili yana rangi ya asali tu kama mapya, halafu tena jeusi, halafu mawili safi, hivyo hivyo mpaka mwisho wa duara. Kwa mpangilio kabisa, kama kitenge.

Akasema radi ikiingia kwenye mota inatoboa, utakuta kidonda sehemu moja, waya umepasuka au umeyeyuka pale inapoanzia koili, kwingine kuzima. Hii haikutobolewa. Hii imekaangwa taratibu, na imekaangwa theluthi moja tu. "Mota yako ilikuwa inasaga na njia mbili. Ya tatu ilikatika huko nje na nyie mkaendelea kusaga."

Akanielezea kwa mfano ambao sitausahau. Watu watatu wamebeba lumbesa ya viazi. Mmoja anaachia bila kusema. Wale wawili hawaangushi mzigo papo hapo, wanakaza, jasho linawatoka, wanaendelea kutembea, na aliye katikati ya tatizo ndiye anavunjika kiuno. Mota ikishazunguka inaweza kuendelea na njia mbili, na kontakta, ile swichi ya kwenye stata inayoshikwa na umeme, nayo haiachii kama umeme wa koili yake unatoka kwenye hizo mbili zilizobaki. Ukizima ukitaka kuwasha tena ndipo itagoma, itavuma tu bila kuzunguka. Kwa hiyo ule mlio wa kukoroma niliousikia nikasema mahindi yamelowa, ulikuwa ni mota inalia.

Nikamwambia lakini mzee kuna ovalodi mle kwenye stata, kile kifaa cha kukata mota ikivuta umeme kupita kiasi, fundi aliniambia inalinda. Akaniuliza imewekwa ampia ngapi. Nikampigia fundi, akajibu kwa kujiamini kabisa, "30, mota yako kibati cha vipimo kinasema 28 na nusu, nimeongeza kidogo isisumbue." Mzee akacheka mpaka akashika meza. Akachukua chaki akaandika juu ya bodi ya mota yangu: 16.5.

Hapa naomba mwenye mashine asome taratibu maana mashine nyingi nilizoziona baadaye zina kosa hili hili. Mota kubwa kama hizi zinawashwa kwa staa delta, zile kontakta tatu na taima, yaani mota inaanza kwa nguvu ndogo kisha inahamishiwa nguvu kamili. Kwenye stata ya namna hiyo ovalodi mara nyingi inafungwa baada ya kontakta kuu, kwenye waya zinazoingia moja kwa moja kwenye koili, siyo kwenye waya mkubwa unaotoka meni switchi. Mle kwenye koili hauendi umeme wote wa kwenye kibati, unakwenda kama asilimia 58 yake. Kwa hiyo 28.5 mara 0.58 ni 16.5. Ukiweka 30 ni sawa na hujaweka kitu. Na ovalodi yenyewe niliyofungiwa ilikuwa ya kuanzia 23 mpaka 32, yaani hata ungetaka kuishusha mpaka 16.5 haifiki. Mzee akapiga hesabu kwenye karatasi ya sigara: njia moja ikikatika na mota ina mzigo wa kutosha, koili moja inabebeshwa kama ampia 33 badala ya 16.5. Umeme mara mbili, joto mara nne. Na ovalodi iliyowekwa 30 ikiona 33 haishtuki, inaona ni kazi kidogo tu imezidi, inaweza kukaa saa nzima. Ingekuwa imewekwa 16.5 ingekata ndani ya dakika moja au mbili.

Relei mpya ya ovalodi, ya 12 mpaka 18, ilikuwa elfu 45. Mimi nilikuwa nimeshatumia laki 9 na ishirini kwa mzindiko na kusuka mara mbili, usiweke siku ambazo sikusaga.

Kwa nini sasa njia moja ikatike kila radi ikipiga? Hili nilikuja kueleweshwa na mpwa wangu anayesoma umeme pale MUST, chuo kikuu cha Mbeya, alikuja likizo. Radi ya kawaida tu inaweza kuwa na ampia elfu 30, kuna zinazopita laki moja, ila ni kwa sekunde ndogo ndogo sana. Haikai. Ikipiga kwenye laini au karibu yake, voteji inaruka, cheche inaruka juu ya vikombe vya nguzo vinavyoshika waya, na umeme wetu wenyewe unafuata njia ile ile iliyofunguliwa na radi. Relei, vifaa vinavyokata umeme vyenyewe, za kule kwenye kituo cha kupoza umeme zinaona umeme mkubwa unaenda kusikoeleweka, zinakata, zinasubiri kidogo, zinarudisha. Kama cheche imezimika umeme unakaa, kama bado zinakata tena. Ndiyo lile konyezo la mara mbili mnaloliona majumbani. Mimi miaka yote nilidhani ni umeme unayumba kwa sababu ya upepo, kumbe ni mtu yuko kazini! Lakini katika patashika hiyo ndipo fyuzi ya njia moja inalipuka, au kiungo cha waya juu ya nguzo kinaungua nusu, kinashikilia shikilia, kinakuja kuachia baadaye ukiwa umeshasahau radi. Na relei ya kituoni haijui habari za mota yako. Yenyewe inalinda laini. Kuanzia mita kuja ndani ni shauri lako.

Kuna dalili moja alinifundisha nikaja kuiona kwa macho jioni moja mwaka 2023. Taa za kwangu zinawaka vizuri, kwa jirani zinawaka nyekundu kama kaa la moto, nyumba ya tatu nayo nyekundu. Hapo siyo njia ya huku chini iliyokatika, ni fyuzi moja ya upande wa juu wa transfoma, zile dropauti zinazoning'inia, imedondoka. Njia moja inabaki na voti zake 230 na mbili zinashuka mpaka nusu, kama 115. Watu wengi wanasema "umeme mdogo leo" na wanaendelea na friji. Zima friji, zima kila chenye mota, na kama una mashine usiiguse kabisa, halafu toa taarifa.

Sasa niendelee. Baada ya mzee nikafunga ovalodi sahihi, na nikaongeza relei ya kulinda njia, kile kiboksi kidogo kinachokata kontakta njia moja ikipotea. Nikanunua cha bei ya chini kabisa, elfu 28, nikajiona nimemaliza. Msimu uliofuata njia ikakatika mchana mashine ikiwa kazini na kile kiboksi kikakaa kimya na kataa kake ka kijani kanawaka. Iliyoniokoa ni ovalodi, ilikata. Mpwa akanieleza kwamba mota inayozunguka inatengeneza umeme wake inaurudisha kwenye ile njia iliyokufa, unaweza kupima ukakuta voti 180 au 200 pale, kwa hiyo kiboksi cha bei rahisi kinachoangalia tu kama kuna umeme au hakuna kinadanganyika. Unachotaka ni kile kinachoangalia kama njia tatu zinalingana, chenye kitufe cha kuweka tofauti ya asilimia ngapi ndipo kikate. Nilipata Mbeya mjini kwa elfu 65. Tumekiweka asilimia 10, kuchelewa sekunde 3 ili kisikate kwa kila konyezo. Ukinunua usiridhike na muuzaji, kafunge, mashine ikiwa inazunguka bila mahindi muombe fundi azime njia moja kwenye meni switchi ya fyuzi uone kama kitakata. Kisipokata mrudishie hapo hapo.

Kuhusu ethi, ule waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, nitakuwa na aibu zaidi. Akina mama walikuwa wanalalamika mashine "inauma", yaani ukigusa lile bomba la kutolea unga unasikia kutekenywa mkononi hasa kama uko peku. Mmoja alikuwa na mtoto mgongoni. Mimi nikawa nawaambia vaeni ndala. Naandika hivi najisikia vibaya mpaka leo. Mpwa aliposikia alizima mashine mwenyewe bila kuniomba. Akafuata ule waya wa kijani na njano mpaka nyuma ya banda, akauvuta kwa mkono, ukatoka na kipande cha nondo, urefu kama kiganja mpaka kwenye kiwiko. Hiyo ndiyo ilikuwa ethi yangu. Alirudisha akapima kwa kipimo alichoazima, ikasoma 140 omu, na hapa namba ikiwa ndogo ndiyo nzuri. Kwa hesabu yake, bodi ikishika umeme wa voti 230, kinachokimbilia ardhini ni ampia 1.6 tu, na breka yangu ni ya 63, haitajua hata kama kuna jambo. Mtu aliyegusa ndiye anakuwa waya.

Udongo wetu wa huku ni wa volkano, juu laini lakini una kokoto nyepesi nyepesi zinazokauka haraka. Tukahamisha, tukaenda chini ya migomba ambako maji ya bafu yanapita, tukagongelea fimbo tatu za shaba za mita moja na nusu kila moja, umbali wa hatua mbili kati ya moja na nyingine, zikaunganishwa kwa waya mnene na klempu siyo kusokota kwa mkono. Ikashuka mpaka 11. Fimbo, waya na klempu vyote elfu 130. Tukaongeza na breka ya kuhisi umeme unaovuja. Kutekenywa kukaisha siku hiyo hiyo, na bibi mmoja akaja kushika bomba kwa makusudi kuhakikisha, akaniambia ndaga fijo mwanangu, yaani asante sana.

Baada ya ethi ndipo ikaja saji protekta, kidude cha kumwaga radi ardhini, na nasisitiza baada, kwa sababu kidude hicho bila ethi ni pambo. Mimi nilikuwa nimeshakinunua kabla, laki na nusu, fundi wangu akakifunga na ile nondo. Desemba 2022 radi ikapita ikaondoka na redio, chaja mbili na mita ya luku, kidude kipo kinatazama. Mpwa alipofungua alikuta makosa mawili. Ethi ndiyo hiyo nondo. La pili, fundi alikuwa ameacha waya mrefu akauviringisha mle ndani ya boksi kama nyoka, ili "usipotee". Umeme wa radi unapanda kwa kasi ya ajabu, na kila mita ya waya inaukatalia, inaweza kuzaa voti maelfu juu ya waya wenyewe, na hizo zote zinaishia kwenye vyombo vyako. Akakata, ikabaki chini ya nusu mita kutoka njia mpaka kidude mpaka ethi. Kidude chenyewe kina kidirisha cha kijani, kikigeuka chekundu kimekufa, badilisha. Chungulia kila baada ya radi kubwa.

Na pia hakizuii radi ya kukupiga juu ya paa. Hilo ni suala jingine la nguzo na waya wa kushuka, mimi sina, sijafikia. Nachofanya ni kuhesabu: ikimulika naanza moja, mbili, tatu, kila sekunde 3 ni kama kilomita moja. Mlio ukija kabla ya 30, watu wote ndani, mashine inazimwa, meni inashushwa. Ukichelewa mpaka iko juu ya kichwa usiende kuchomoa chochote, bora kiungue.

Ukitaka kuanza leo na huna hela, anza na bure: piga picha kibati cha mota, fungua boksi la stata, angalia ovalodi iko wapi na imeelekezwa ngapi. Tena piga picha bila kumwambia fundi kwa nini, maana atabadilisha kabla hujaona. Halafu wafundishe vijana mlio. Wangu wawili nimewapimisha, nilizima njia moja mashine ikiwa tupu, wakafumba macho, kisha nikazima haraka. Sasa mlio ukibadilika wanapiga kitufe chekundu kwanza, maswali baadaye, hata kama kuna debe la mtu ndani.

Msimu huu kile kiboksi kimekata mara nne. Mara ya mwisho foleni ilikuwa ya watu kumi na kitu, mama mmoja akaniuliza mashine imekufa tena? Nikachukua testa nikapima mbele yao, 231, 228, na ya tatu 40. Tukasubiri mpaka saa mbili usiku watu wa laini walipokuja, nikapoteza kama elfu 18 ya siku ile.

Ile ovalodi ya 23 mpaka 32 bado ninayo kwenye droo. Juzi alikuja kijana kutoka Mwakaleli, amesikia nauza, ana mota hospawa 20 anataka kuifungia, ana elfu 20 mkononi. Nikamwambia arudi nyumbani kwanza aniletee picha ya kibati na ya stata yake. Hajarudi bado.